Picha Moja ya Familia, Saa Kumi za Kazi

Mzazi anayeulizia bei ya picha za familia jijini Dar es Salaam kwa kawaida hupima kile anachokiona: mtu mmoja, kamera moja, saa moja na nusu. Akitajiwa Sh 150,000 anaona ameonewa. Lakini kwa familia yenye watoto wadogo, bei hiyo haiko mbali na hasara. Gharama kubwa haitokani na kamera. Inatokana na mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo tuanze na yeye.

Hesabu ya nyuso

Mwaka 2006, Nic Svenson na Piers Barnes wa CSIRO, taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Australia, walipewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati. Walikuwa wamekokotoa idadi ya picha za kupiga ili kuwa na uhakika wa karibu asilimia 99 kwamba angalau katika moja hakuna aliyefumba macho. Kanuni yao ni rahisi: kwa kundi lisilofika watu 20, penye mwanga mzuri, gawanya idadi ya watu kwa 3. Familia ya watu wanne inatoshwa na picha 2.

Kanuni hiyo inahusu kupepesa kope tu. Mtoto mdogo hufanya mengi zaidi: anageuka, anaficha uso kifuani kwa mama, anataka kushuka, analia. Tufanye makadirio. Baba na mama, kila mmoja, wanakaa sawa mara 9 katika 10. Mtoto wa miaka mitano mara 5. Mdogo wake wa miaka miwili mara 2. Zidisha 0.9 × 0.9 × 0.5 × 0.2, unapata 0.081. Ni picha 8 katika 100 ambazo wote wanne wako sawa kwa pamoja. Enzi za mkanda wa picha 36, mkanda mzima ungeacha picha 3 hivi za kutundika ukutani.

Ukitaka uhakika uleule wa asilimia 99, zinahitajika picha 55 badala ya 2. Tena hesabu inadai kila picha isimame peke yake. Kufyatua picha 55 ndani ya sekunde chache hakusaidii, kwa sababu mtoto aliyegeuka katika ya kwanza bado amegeuka katika ya kumi. Inabidi kumwacha acheze, arudi, asahau kamera, ndipo ujaribu tena. Hapo ndipo muda unapokwenda.

Saa zisizoonekana

Tuchukue mfano wa mpiga picha mwenye vifaa vyake, anayehudumia familia 100 kwa mwaka, yaani kama mbili kwa wiki. Kwa kila familia anapiga picha 300 na kukabidhi 25. Kazi yake inagawanyika hivi:

- Mawasiliano na maandalizi: saa 1
- Kwenda na kurudi: saa 2
- Kupiga picha: saa 1 na nusu
- Kuhamisha na kuchambua picha 300: saa 1 na nusu
- Kuhariri picha 25, dakika 8 kila moja: saa 3 na dakika 20
- Kuchapisha, kutuma na kukabidhi: dakika 40

Jumla ni saa 10. Mzazi ameshuhudia asilimia 15 tu ya kazi aliyoilipia.

Sasa fedha. Tuseme usafiri ni Sh 20,000, kuchapisha picha mbili na fremu zake Sh 30,000, bando na umeme Sh 5,000. Vifaa vyote, yaani kamera, lenzi, flashi, kompyuta na diski, viwe Sh 9,000,000 vinavyotumika miaka mitatu. Vikigawanywa kwa familia 300, kila familia inabeba Sh 30,000. Jumla ni Sh 85,000.

Toa kwenye Sh 150,000, zinabaki Sh 65,000, yaani Sh 6,500 kwa saa, kabla ya kodi, leseni na pango. Anayetoza Sh 80,000 anatoa Sh 5,000 mfukoni kwa kila familia anayoipiga. Hatambui upesi, kwa sababu kamera haichakai kwa siku moja.

Familia sita jioni moja

Wengi hutafuta nafuu kwa kuwapanga wateja mahali pamoja: familia sita ufukweni, dakika 20 kila moja, picha 8, bila kuchapisha, kwa Sh 60,000. Safari imegawanywa kwa sita, uhariri umepungua, na kazi nzima inachukua kama saa 2 na dakika 45 kwa familia. Ukiondoa gharama za takriban Sh 13,000, malipo yanafika kama Sh 17,000 kwa saa, zaidi ya mara mbili na nusu ya mfano wa kwanza.

Lakini jua halisubiri. Karibu na ikweta hushuka kwa takriban nyuzi 15 kila saa. Foleni ya saa mbili ni tofauti ya nyuzi 30: familia ya kwanza inakunja macho kwa ukali wa jua, ya mwisho inapigwa giza likiingia. Kila familia ikichelewa dakika 5, ya sita inaanza dakika 25 nyuma ya ratiba, na mtoto wake amekwishachoka. Na dakika 20 haziachi nafasi ya kumsubiri. Mpango huu unafaa familia zenye watoto wakubwa. Wenye wachanga wapewe zamu ya kwanza, kivulini.

Kinachopunguza gharama

Mzazi ana uwezo mkubwa kuliko lenzi yoyote. Mtoto aliyelala mchana na kushiba, asiyeitwa na watu watano kwa wakati mmoja, akipanda kutoka mara 2 hadi 4 katika 10, picha zinazohitajika zinashuka kutoka 55 hadi 27. Usingizi wa mchana umepunguza kazi kwa nusu.

Mpiga picha naye aandike kwenye makubaliano saa, idadi ya picha, na ruhusa ya kuzitangaza mtandaoni. Ruhusa hiyo ina bei. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja Sh 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa kazi ya saa 10, anayetaka kubaki na Sh 12,000 kwa saa anapaswa kutoza Sh 205,000. Aseme hivyo bila kuona haya, na aonyeshe hesabu. Anayeshusha hadi Sh 80,000 hana pa kufidia isipokuwa kukata muda, na muda wa kwanza kukatwa ni ule wa kumsubiri mtoto, ambao ndio mzazi aliokuja kuulipia.