Hiari ya Siku Moja

Mwanamke anayetoa mimba nchini Tanzania hupewa na sheria heshima ambayo huenda hajawahi kupewa maishani: anachukuliwa kuwa ameamua mwenyewe. Kifungu cha 151 cha Kanuni ya Adhabu hakihitaji zaidi ya hapo. Ikithibitika kwamba alikusudia na akatenda kinyume cha sheria, anaweza kufungwa miaka saba. Aliyemtoa mimba anaweza kufungwa miaka 14, na aliyempa dawa au kifaa akijua kazi yake, miaka mitatu. Umaskini, hofu, baba mkali, bwana aliyeikana mimba, hayo yote husikilizwa mwishoni, hakimu akishamtia hatiani na sasa anapima adhabu.

Vifungu hivi havikutungwa Dodoma. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, iliyoletwa na wakoloni wa Kiingereza. Waingereza walilegeza ya kwao mwaka 1967. Sisi tumeitunza kuliko wenyewe.

Basi tuipeleke dhana hii ya kuamua mwenyewe Soitsambu, kata ya tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, zaidi ya kilomita 300 kutoka Arusha mjini na karibu na mpaka wa Kenya. Tumchukue binti wa Kimaasai wa miaka 16, yuko kidato cha pili, na hajaona siku zake. Binti huyu nimemtunga. Vifungu vinavyomzunguka sijavitunga.

Kabla ya mimba, nani alikuwa akimwamulia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, mradi baba aridhie. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema ruhusa hiyo inakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali iliutumia muda wake kukata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998, lakini wembe hausomi gazeti la serikali. Shuleni nako kulikuwa na utaratibu wa kuwapanga wasichana foleni na kuwapima mimba, pengine kwa kuwaminya tumbo tu. Aliyekutwa nayo alifukuzwa. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba mwanafunzi akishazaa harudi darasani, na hali ikawa hiyo mpaka Novemba 2021, serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilipofungua tena mlango. Mwaka uliofuata, kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliiambia Tanzania kwamba kupima na kufukuza vile kulivunja haki za wasichana.

Kwa hiyo binti huyu amefika miaka 16 huku baba, mwalimu na Bunge wakiwa wameamua kwa zamu nini kitokee kwenye mwili wake. Siku anapomeza vidonge, wote wanajitoa. Anabaki yeye na hiari yake.

Sababu zake zinatofautiana na zile zinazozoeleka Dar es Salaam. Kwa desturi ya Kimaasai, mtoto aliyezaliwa na mke ni wa mume aliyetoa ng'ombe, hata kama damu si yake, kwa hiyo mimba inayomvunjia nyumba mke wa Sinza huenda isimtikise mke wa boma. Lakini mimba ya msichana ambaye hajatahiriwa ni aibu ya ukoo, na moja ya njia za kuifuta aibu hiyo ni kumkeketa haraka na kumwoza haraka. Binti anayetaka kumaliza kidato cha nne anaona mambo matatu yakija pamoja: wembe, mume na mwisho wa shule. Ongeza ufukara. Ukame wa 2021 na 2022 uliua mifugo mingi kaskazini, na Juni 2022 serikali ilisimika vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Loliondo. Ng'ombe wakipungua zizini, binti wa kuozwa huhesabiwa kwa makini zaidi.

Kuna sababu nyingine ambayo sheria yenyewe imeitengeneza. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari akakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Nia ilikuwa njema, na kama sheria ilipigiwa makofi, pengine iliyastahili. Sasa ifuate sheria hiyo hadi ndani ya boma. Tumbo la binti limekuwa kielelezo cha upande wa mashtaka. Kijana wa bodaboda, mwalimu, au mzee mwenye zizi kubwa ana miaka 30 ya kutaka kielelezo hicho kisiwepo. Nauli ya kwenda mjini Wasso anayo, na hela ya dawa anayo. Wazee wa pande mbili wakikaa chini ya mti, kinachojadiliwa ni mitamba mingapi na lini. Mama na shangazi wapo pembeni wakishona shanga, wanasikia kila neno na hawaulizwi. Jioni shangazi ndiye anayetumwa kuongea na binti. “Mwanangu, baba zako wameshaongea,” anamwambia, na kumwekea kikaratasi cha vidonge kwenye kiganja.

Je, ameamua mwenyewe?

Aristotle aliwahi kumfikiria nahodha anayetupa shehena baharini dhoruba inapochafuka. Hakuna atupaye mali kwa kupenda, ila mwenye akili timamu yeyote angeitupa ili watu wapone. Jibu lake lilikuwa kwamba matendo ya aina hiyo yamechanganyika, lakini yanaelemea upande wa hiari, kwa sababu mkono uliotupa ni wa nahodha na kwa saa ile hilo ndilo alilochagua. Nadhani alikuwa sahihi, na ndiyo sababu siwaungi mkono wanaharakati wanaomsimulia binti wa Soitsambu kana kwamba ni jani lililopeperushwa na upepo. Amepima. Amelinganisha shule na ndoa, aibu na hatari, miaka iliyobaki na miezi tisa. Kumwondolea akili ili tumwonee huruma ni kumalizia kazi ambayo baba na mwalimu waliianza. Na akikataa vidonge vya shangazi akaamua kuzaa, kama wengi wanavyofanya, huo nao ni uamuzi uliopimwa katika dhoruba ileile, ingawa hakuna kifungu kitakachomfuata.

Ila mfano wa nahodha unapungukiwa mahali pamoja. Dhoruba ya Aristotle haikuwa na mwenyewe. Hii ya Loliondo ina wenyewe, na baadhi yao namba zao za simu zinajulikana kijijini.

Kanisa Katoliki, ambalo halina mzaha na utoaji mimba, limelifikiria jambo hili kwa kina kuliko Kanuni ya Adhabu. Hospitali kubwa ya eneo hilo, ile ya Wasso, ni ya Kanisa, na msimamo wake haufichwi: kitendo ni kosa zito, na shinikizo haliligeuzi kuwa jema. Lakini sheria za Kanisa zinazotaja kutengwa kwa mwenye kutoa mimba zinasema pia kwamba aliye chini ya miaka 16 haadhibiwi, na kwamba aliye chini ya 18, au aliyetenda kwa hofu kubwa, haangukiwi na adhabu hiyo moja kwa moja. Mwaka 2016 Papa Francis aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu. Unaweza kutokubaliana na Roma kuhusu kitendo, na bado ukakiri kwamba Roma inamuuliza mtendaji ana miaka mingapi na alikuwa akimwogopa nani. Jamhuri inayatambua mashurutisho ya mtu aliyetishiwa kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo na mshirika wake katika kosa. Tishio la kesho halihesabiki. Tishio la kuozwa ni la kesho.

Mlango halali ni mwembamba. Kifungu cha 230 kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Huko London mwaka 1938, daktari Aleck Bourne aliomba mwenyewe ashtakiwe baada ya kumtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi. Aliachiwa huru, na tangu hapo wanasheria wa nchi zilizorithi sheria hiyo hujadili iwapo kuokoa maisha kunajumuisha kuiokoa afya ya mwili na akili. Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake Afrika, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inataja wazi ubakaji, kujamiiana kwa maharimu, na afya ya mama kuwa sababu za kuruhusu mimba kutolewa. Kanuni ya Adhabu haikuguswa.

Na hapa ndipo mantiki inapochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Mimba ikitolewa kihalali, aliyeamua ni daktari. Ikitolewa kinyume cha sheria, aliyeamua ni mwanamke. Hakuna ukurasa katika kitabu chote ambapo mwanamke anaamua na bado yuko nje ya kosa.

Watafiti wa Taasisi ya Guttmacher, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na chuo kikuu cha afya cha Muhimbili walikadiria kuwa mwaka 2013 mimba zilizotolewa Tanzania zilikuwa kama 405,000. Wanawake kama 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yake, na wengi zaidi walipata madhara bila kufika kwenye matibabu. Serikali inatoa huduma baada ya mimba kuharibika, na inafanya vema. Binti wetu akianza kutokwa damu usiku, akabahatika kupakiwa kwenye pikipiki hadi Wasso, muuguzi atamwekea dripu, atampima presha, na akiwa na busara ataandika kwenye faili kwamba mimba imeharibika. Hatauliza imeharibikaje. Atakayeuliza ni askari, na fomu yake ya maelezo ina nafasi ya mshtakiwa mmoja.