Je, Wajua? Mgeni wa Uloto na Alama Zake Katika Damu

Je, wajua kwamba mtu akipandikizwa figo, mwili wake ndio unaoweza kuikataa, lakini akipandikizwa uloto wa mtu mwingine, uloto huo nao unaweza kumkataa yeye? Pamoja na uloto huingia seli T za mtoaji, ambazo ni seli za kinga. Zikiuona mwili mpya kuwa wa kigeni, huushambulia, hasa ngozi, ini na utumbo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu huja kuponya, na wakati mwingine huua.

Mwaka 1966 Rupert Billingham alitaja masharti matatu ya ugonjwa huu wa kipandikizi kumshambulia mwenyeji: kipandikizi kiwe na seli za kinga zenye nguvu, mwenyeji awe na alama asizonazo mtoaji, na kinga ya mwenyeji iwe dhaifu mno kumfukuza mgeni. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana nawe kwa alama kuu za kinga. Hata wakilingana, kaka aliyepewa uloto wa dada yake ana protini za kiume ambazo seli za dada hazijawahi kuziona.

Je, wajua kwamba damu huweza kutoa onyo kabla ya ngozi? Kwa miaka mingi madaktari walisubiri vipele, kuhara na macho ya manjano. Tatizo ni kwamba vipele huweza kuletwa na dawa, na kuhara kukaletwa na maambukizi. Ndipo watafiti wakaigeukia damu. Mwaka 2010 walieleza elafini, protini inayoashiria shambulio la ngozi, na 2011 ikafuata REG3-alfa. Hii hutengenezwa na utumbo ili kuzuia bakteria. Ukuta wa utumbo ukijeruhiwa, huvujia kwenye damu. Kwa hiyo ikipanda, ni ishara ya kidonda ambacho jicho la daktari halikioni. Mwaka 2013 ikatajwa protini nyingine ya onyo, ST2.

Mwaka 2017 kundi la watafiti linaloongozwa kutoka Mount Sinai, New York, liliunganisha REG3-alfa na ST2. Kwa damu iliyochukuliwa siku ya 7 tu baada ya upandikizaji, waliweza kuwatambua wagonjwa waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Hata hivyo, kuonywa si kutibiwa: walio hatarini walipopewa mapema alfa-1-antitripsini, ugonjwa usiosikia dawa za steroidi haukupungua.

Mbona basi seli T za mtoaji zisiondolewe zote kabla ya upandikizaji? Kwa sababu huua pia saratani. Mwaka 1979 madaktari wa Seattle walionesha kuwa wagonjwa wa saratani ya damu waliopata shambulio hili hawakurudiwa na saratani mara nyingi kama wenzao.

Mtoto mwenye seli mundu, kama wale wanaopandikizwa uloto katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hana saratani ya kuuliwa, hivyo kwake shambulio hili ni hasara tupu. Mzazi, ukiona vipele viganjani au nyayoni, kuharisha au macho ya manjano baada ya upandikizaji, usimpe dawa ya dukani. Mrudishe hospitali siku hiyohiyo.