Upepeo wa Mwanzi: Utangulizi kwa Anayeanza

Kama umewahi kupepea jiko la makaa hapa Subukia kwa kipande cha katoni, somo hili umeshalianza. Watu wa Pwani husuka pepeo zao kwa ukindu. Wajapani hutumia mwanzi na karatasi, na mwanzi sisi tunao katika milima ya Nyandarua.

Wajapani wana pepeo za namna mbili: sensu, unaokunjwa, na uchiwa, usiokunjwa. Sensu unavutia macho, lakini tuanze na uchiwa, kwa maana ndani yake utaujua mwanzi wenyewe.

Shika mwanzi uupapase. Sehemu ndefu iliyo laini ni pingili. Uvimbe unaotenga pingili mbili ni kifundo. Ndani ya pingili nyuzi za mwanzi zimenyooka, kwa hiyo kisu kikiingia tu, ufa hukimbia. Kwenye kifundo nyuzi hupindana, na ufa hupata kizuizi. Mafundi wa mji wa Marugame, huko Japani, wameijenga kazi yao juu ya tabia hiyo. Huchukua kipande kimoja chenye kifundo: upande mmoja huachwa uwe mpini, wa pili hupasuliwa mbavu zaidi ya 30, nyembamba kama njiti. Pengine unajiuliza mbona hazitawanyiki. Zote bado ni mwanzi uleule wa mpini! Kisha hutandazwa, hufungwa kwa uzi, na karatasi hubandikwa juu yake. Kwa hesabu yao, kazi nzima ina hatua 47.

Karatasi nayo ina elimu yake. Zama za Heian (794–1185), Wajapani waliponda nyaraka kuukuu wakatengeneza karatasi mpya, ya kijivu kwa sababu ya wino uliobaki. Nasi tutumie iliyokwisha kazi. Gazeti lina nyuzi fupi, huchanika upesi. Mimi napendelea pakiti tupu ya unga, ile ya karatasi, maana ni imara. Gundi yako ni uji mzito wa unga wa ngano.

Tafuta mwanzi uliopandwa shambani, usikate wa msitu wa serikali bila kibali. Pasua katikati kwanza, halafu kila nusu katikati tena, ili ufa usiegemee upande mwembamba. Mbavu za mwanzo zitavunjika. Zikivunjika, tazama palipokatikia: utaona nyuzi zilielekea wapi, na kisu chako kilielekea wapi.