Jarida la Picha la Wachoraji: Mapatano Yatangulie Kalamu

Wachoraji wanaotaka kutoa jarida la picha kwa pamoja mara nyingi huanza kwa kuchora. Mwanzo huo una furaha, lakini ndio uzaao ugomvi. Makala haya yaeleza mambo ambayo kundi la wachoraji wa Mafia, hata likiwa dogo, lapasa kuyaandika kabla ya ukurasa wa kwanza kuchorwa.

Kazi ya namna hii si ngeni nchini. Jarida la Sani, lililowazoesha wasomaji vituko vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa, lilipata jina lake kwa waasisi wawili, Saidi na Nico. Nao wachoraji waliofuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, waliungana, na mwaka 1990 kundi lao likawa chama cha ushirika.

1. Kurasa. Karatasi ikikunjwa mara moja hutoa kurasa 4. Hivyo jarida lililobanwa kwa pini katikati huwa na kurasa 16, 20 au 24, wala si 18. Kazi igawanywe: huyu achore jinsi vyombo vinavyoundwa Jibondo, yule magofu ya Kua, mwingine papa potwe. Tarehe ya kukabidhi iandikwe, kwani ukurasa mmoja ukichelewa, jarida zima hungoja.

2. Stakabadhi. Kila ukurasa upokewe kama gunia la mbata: uandikwe daftarini na mwenyewe apewe stakabadhi. Aliyeleta kurasa 4 asilipwe sawa na aliyeleta 1.

3. Mali. Hapa picha haifanani na mbata. Gunia likiuzwa limekwisha, bali picha yaweza kuchapwa tena mwakani, kwenye kalenda au kanga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mchoraji, na haki hiyo huendelea kwa warithi wake. Basi mapatano yaseme wazi: je, kundi limepewa ruhusa ya kuchapa mara moja, au limeuziwa picha moja kwa moja? Neno hili lisipoandikwa, mjane wa mchoraji hana la kushika mkononi.

4. Hesabu. Tuchukue mfano. Nakala 500 zimegharimu Sh. 1,000,000, pamoja na malipo ya wachoraji, nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Nyamisati na boti hadi Kilindoni. Bei ni Sh. 3,000, na mwenye duka huchukua Sh. 500. Kundi hubakiwa na Sh. 2,500 kwa nakala, hivyo ni lazima ziuzwe nakala 400 ndipo fedha irudi. Nakala 100 za mwisho ndizo ziletazo ziada, yaani Sh. 250,000. Nazo ndizo zilalazo dukani, au kulowa maji ya bahari kwa kukosa turubai. Iamuliwe mapema nani atabeba hasara hiyo.

5. Leseni. Jarida la kutoka kwa mfululizo huhitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Iombwe kabla ya kumlipa mpiga chapa.

Katibu wa chama akifuatwa na wachoraji kwa ushauri, asiulize kwanza kama picha ni nzuri. Aulize kama mapatano yameandikwa na kutiwa sahihi na wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.