Je, Wajua? Mashine ya Sukari Inaweza Kupotoshwa na Embe

Mashine ya kwanza ya kusoma sukari kwenye tone la damu iliingia sokoni Marekani mwaka 1970. Aliyeibuni ni Anton Clemens wa kampuni ya Ames. Ilizidi kilo 1 na ilitengenezwa kwa ajili ya madaktari tu. Leo inaenea kiganjani, na daktari wa zamu katika hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke, Dar es Salaam, huitegemea hata kama kisukari si ubingwa wake.

Kazi kubwa hufanywa na stripu, kijipande kinachopokea tone la damu. Ina kimeng'enya ambacho, kikikutana na sukari ya damu, huzalisha mkondo mdogo sana wa umeme. Sukari ikiwa nyingi, mkondo huongezeka. Mashine huupima na kutoa namba ndani ya sekunde chache.

Namba hiyo inaweza kupotoka, na hatari kubwa ni ile inayosoma juu kuliko ukweli, kwa sababu humfanya daktari aandike insulini isiyohitajika. Mgonjwa aliyetoka kula embe bila kunawa ana sukari ya tunda kwenye ncha ya kidole. Tone la damu huichukua, na namba hupaa. Dawa yake ni maji, sabuni na kukausha kidole vizuri. Damu iliyotolewa kwenye mkono wenye dripu ya dextrose nayo hudanganya. Toboa mkono wa pili.

Upungufu wa damu ni mtego mkubwa zaidi kwetu. Chembe nyekundu zikiwa chache, mashine nyingi husoma juu. Mtoto mwenye malaria kali mara nyingi hupungukiwa damu, na malaria hiyo hiyo, pamoja na kwinini, hushusha sukari. Hivyo sukari iliyoshuka inaweza kufichwa na namba inayoonekana nzuri. Mgonjwa aliye kwenye mshtuko, mwenye vidole vya baridi, naye apimwe kwa damu ya mshipa, maabara.

Unyevu wa Dar huharibu stripu; zikae kwenye kopo lake, kifuniko kimefungwa.

Mbali na mashine ya kupima, wagonjwa wachache hulazwa wakiwa wamevaa pampu ya insulini. Pampu hutumia insulini ya muda mfupi, kwa hiyo mwenye kisukari aina ya kwanza akivuliwa bila kupewa insulini nyingine, asidi ya ketoni huanza kupanda ndani ya saa chache. Mpe insulini kwanza, ndipo uivue.

Tukirudi kwenye namba ya mashine: chini ya milimoli 4 kwa lita, sukari imeshuka. Lakini mgonjwa akitoka jasho, akitetemeka na kuchanganyikiwa huku mashine ikionyesha 5, mwamini mgonjwa. Chukua damu ya mshipa, mpe sukari papo hapo, usisubiri majibu. Sukari iliyozidi kidogo itarekebishika. Ubongo uliokosa sukari kwa muda mrefu huenda usipone.