Kwa Nini Misuli Hukonda Haraka Baada ya Kuumia Uti wa Mgongo

Na Mwandishi Wetu

Jambo moja linalowashtua ndugu wa mgonjwa aliyepooza, iwe kwa ajali ya pikipiki au kwa kuanguka kutoka juu ya mti, ni kuona mapaja yake yakikonda ilhali anakula vizuri. Wapo wanaomlaumu anayempikia, na wapo wanaoanza kumtafuta mchawi. Chanzo kimo ndani ya misuli yenyewe.

Msuli umejengwa kwa protini, hasa miosini na aktini, ambazo huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Amri za ubongo zinapokatizwa kwenye uti wa mgongo, msuli hukosa kazi. Utengenezaji hupungua na uvunjaji huongezeka. Mwaka 2001 watafiti walibaini katika wanyama wa maabara vimeng'enya viwili, MuRF1 na atrojini-1, vinavyoongezeka msuli unapokaa bila kazi. Hivi huwezesha protini kubandikwa alama iitwayo yubikwitini, na protini yenye alama hiyo hupelekwa kukatwakatwa ndani ya seli. Ni ubomoaji wenye utaratibu, na huanza mapema mno: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionesha kuwa wiki 6 tu baada ya jeraha kamili, misuli ya miguu ilikuwa midogo kwa asilimia 18 hadi 46 kuliko ya watu wasioumia.

Madhara yake si ya mwonekano pekee. Makalio yakikonda, mfupa hukandamiza ngozi dhidi ya godoro, na kidonda cha mgandamizo kikipata maambukizi kinaweza kumuua mgonjwa aliyenusurika ajalini. Ndiyo maana wauguzi husisitiza ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia, hata kama familia imechoka.

Maharage, dagaa na mayai vinahitajika, hasa akiwa na kidonda, lakini chakula peke yake hakizuii misuli kupungua. Kunyoosha miguu yake hulinda viungo visikakamae, ingawa hakujengi msuli. Jeraha likiwa sehemu ya juu ya mgongo au shingoni, neva za miguu mara nyingi hubaki hai, hivyo mtaalamu wa fiziotherapia mwenye kifaa cha umeme mdogo anaweza kuukaza msuli na kurejesha sehemu ya unene wake. Ndugu waulize kuhusu huduma hiyo mgonjwa akiwa bado wodini, kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.