Mtaala wa Sayansi kwa Watoto Wadogo Nyumbani: Tuchague Nini?



Tulipokuwa katika utume wa likizo Iguguno, wilayani Mkalama, mama mmoja alitubakiza uani baada ya sala ya jumuiya. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anakaribia miaka mitano. "Mafrateri," alisema, "nimeonyeshwa vitabu vya sayansi vya kumfundishia mtoto nyumbani, vinatoka nje. Baba yake anasema tuuze mbuzi wawili tuvinunue. Ninyi mnasemaje?" Akatufungulia simu tuone kurasa za mfano. Picha zilikuwa nzuri kweli: theluji juu ya mapaa, dubu aliyelala msimu wote wa baridi, miti inayobadilisha rangi ya majani katika majira manne ya mwaka.

Wakati huo mtoto mwenyewe alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, akifuata msafara wa sisimizi uliobeba chenga za ugali. Akauliza, "Mama, wanajuaje njia?" Mama akamwambia anyamaze, wageni wanaongea. Kisha akatugeukia na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi niliishia darasa la saba. Nitamfundisha nini?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tuliomba wiki moja, tukasoma, tukazungumza na walimu, tukajaribu mambo machache pamoja na watoto wa Utoto Mtakatifu. Makala hii inaeleza tuliyoyapata, kwa kuwa tunaamini swali la mama yule ni la wazazi wengi katika parokia zetu, na sisi waseminari tutaulizwa tena na tena.

Kwanza, tusikwepe sheria

Nchi nyingine, kama Marekani, zinaruhusu mtoto asomeshwe nyumbani tu badala ya kwenda shule. Kwetu hali ni tofauti. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri wa shule aandikishwe na kuhudhuria shule ya msingi. Kwa hiyo tunapozungumzia kumfundisha mtoto sayansi nyumbani, tunazungumzia miaka ya kabla ya shule, na baadaye saa za jioni, Jumamosi na likizo. Nyumba inaitangulia shule na kuisindikiza. Haichukui nafasi yake.

Na kazi hiyo si ndogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 793, inautaja huo kuwa wajibu na haki yao. Mafundisho hayo hayakuweka sharti la cheti. Mama aliyeishia darasa la saba amo ndani yake.

Sisi wenyewe tuliwahi kuonja jambo hili. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto walikaa nyumbani hadi mwishoni mwa Juni. Wazazi wengi waligundua kwamba hawakujua waanzie wapi, hata pale vitabu vilipokuwepo mezani.

Mtaala tayari tunao

Watu wengi hawajui kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina mtaala wa elimu ya awali, yaani mwaka unaotangulia darasa la kwanza, na kwamba vitabu vyake vinasomwa bure katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Asiye na simu janja anaweza kumwomba mwalimu wa awali wa shule ya jirani amwonyeshe muhtasari. Walimu tuliowaendea walifurahi kuulizwa.

Katika mtaala huo hakuna somo la awali linaloitwa Sayansi. Somo lenye jina hilo linaanza darasa la tatu. Kwa mtoto wa miaka mitano sayansi imo ndani ya mambo mengine: kutunza afya, kutunza mazingira, na kutumia dhana za kihisabati kama kupanga, kulinganisha, kupima na kuhesabu. Jambo hili lina hekima. Mtoto mdogo hahitaji kukariri sehemu za ua. Anahitaji kuzoea kuangalia, kuuliza, kujaribu na kusimulia alichokiona.

Kuna pia vipindi vya katuni vya Kiswahili vilivyotengenezwa hapa hapa Tanzania, kama Ubongo Kids, na Akili and Me kwa wadogo zaidi. Vinasaidia, mradi mtoto asiachwe peke yake mbele ya skrini tangu asubuhi hadi jioni.

Maswali matano ya kupimia kitabu

Hatusemi vitabu vya nje ni vibaya. Tunasema vipimwe kabla mbuzi hajauzwa. Tulikubaliana juu ya maswali haya matano.

*1. Je, vitu vinavyotajwa vinapatikana hapa?* Singida tuna msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Mtoto atajifunza theluji baadaye, lakini ajifunze kwanza mvua anayoisikia juu ya bati.

*2. Je, kinachosemwa ni kweli hapa tulipo?* Swali hili lilitushangaza sisi wenyewe. Kitabu kilichoandikwa kwa watoto wa Ulaya husema kwamba adhuhuri jua liko upande wa kusini, na kivuli huelekea kaskazini. Kwao ni kweli mwaka mzima. Iguguno iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini na kivuli huelekea kusini. Desemba mambo hugeuka. Siku chache za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba jua hupita utosini, na mti uliosimama wima karibu haupati kivuli. Mtoto anayeamini kitabu kuliko macho yake amejifunza kinyume cha sayansi.

*3. Je, kinamtaka mtoto afanye au akariri?* Hesabu vitendo katika kurasa kumi za mwanzo. Kama zote ni za kusoma na kujaza majina, kiache.

*4. Je, mzazi anaweza kukitumia?* Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Kitabu ambacho mama hawezi kukisoma kitabaki kabatini. Tena bibi anayajua majina ya miti, wadudu na ndege kwa Kinyiramba au Kinyaturu, na anajua upi ni dawa na upi ni sumu. Kitabu kizuri kinampa bibi nafasi ya kuzungumza.

*5. Je, kinasemaje juu ya uumbaji?* Baadhi ya vifurushi vya nje vimeandikwa na Wakristo wanaofundisha kwamba dunia ina miaka elfu chache tu. Kanisa Katoliki halitufungi kuamini hivyo. Tunalirudia jambo hili hapa chini.

Mwezi mmoja wa masomo uani

Baada ya maswali hayo tulimwandalia mama yule mpango wa mwezi mmoja usiohitaji kununua chochote. Kila somo halizidi dakika ishirini.

Juma la kwanza ni la mbegu. Weka mbegu tano za alizeti kwenye kopo lenye udongo na maji, na tano nyingine kwenye kopo lenye udongo mkavu. Mtoto aangalie kila asubuhi na kuchora anachokiona. Chukua mbegu nyingine, menya, isage juu ya karatasi: litabaki doa linalopitisha mwanga. Hayo ni mafuta. Mtoto ataelewa kwa nini gunia la alizeti linapelekwa kwenye mashine ya kukamulia. Mimea ikiwa shambani, mwonyeshe kwamba alizeti changa hugeuka kulifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi, na ua likishakomaa hutulia likitazama mashariki.

Juma la pili ni la kivuli. Simika kijiti wima kwenye kiwanja kilicho wazi, na kila baada ya saa moja weka jiwe dogo kwenye ncha ya kivuli. Jioni mtoto ataona mstari wa mawe. Atagundua pia kwamba kivuli kifupi zaidi hakitokei saa sita kamili bali baadaye, kama saa saba kasorobo hivi. Sababu ni kwamba saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo 45, iliyo mashariki ya nchi yetu yote, na jua linachelewa kutufikia sisi. Mtoto wa miaka mitano hahitaji maelezo hayo ya mwisho. Kaka yake wa darasa la sita anayahitaji.

Juma la tatu ni la maji na chumvi. Koroga chumvi kwenye maji hadi ipotee, mimina kwenye sahani, acha juani. Maji yatakwenda, chumvi itabaki. Siku mtakayokwenda Singida mjini, mwonyeshe Ziwa Singidani na mkumbushe ile sahani. Ziwa lisilo na mto wa kutoka hupoteza maji kwa jua, na chumvi zilizoletwa na maji hubaki ndani yake.

Juma la nne ni la viumbe. Kama kuna kuku anayeatamia, wekeni alama ukutani kila siku. Kwa kawaida vifaranga hutoka siku ya 21. Huku mkihesabu, rudini kwa sisimizi. Futeni kwa kidole sehemu ndogo ya njia yao mkaone wanavyohangaika kabla ya kuipata tena. Sisimizi huacha harufu njiani, na wenzao huifuata. Hilo ndilo jibu la swali lililozimwa siku ile.

Tahadhari ni chache, ila zishikwe. Mtoto asilitazame jua moja kwa moja. Asionje mbegu asizozijua: za nyonyo na mbono ni sumu. Majaribio ya moto afanye mtu mzima. Mikono ioshwe kila baada ya kushika udongo na kuku.

Sayansi haimfukuzi Mungu

Mzee mmoja wa jumuiya alituuliza kwa uchungu kama mtoto akijua sana sababu za mambo hatamsahau aliyeyafanya. Tulilichukua swali lake kwa heshima, kwa maana amewaona vijana waliokwenda kusoma wakaacha kusali.

Tulimkumbusha kwanza watu wa nyumba yetu wenyewe. Gregor Mendel, aliyegundua kanuni za urithi wa sifa kutoka mzazi hadi mzao, alikuwa mtawa Mwagustino. Alipanda njegere katika bustani ya monasteri huko Brno, akazihesabu kwa miaka mingi, na mwaka 1866 akachapisha matokeo. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Wote wawili walisali na kuhesabu.

Kisha tukamweleza hivi. Mwanzo sura ya kwanza inatufundisha ni nani aliyeumba na kwa nini. Sayansi inatafuta namna mambo yalivyokwenda na kwa muda gani. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliruhusu mwaka 1950 wataalamu wachunguze asili ya mwili wa binadamu, akishikilia kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Sisi Watanzania hatuwezi kulikwepa jambo hili. Nyayo za Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, zina umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, na kijana wetu atazikuta kitabuni. Afadhali azisikie kwanza kwa mzazi anayesali.

Tena, kwa uzoefu wetu mdogo, mtoto hapotezi imani kwa sababu ya majibu aliyopewa. Tunaogopa zaidi yale maswali anayokatazwa kuuliza. Mzazi asiyejua aseme, "Sijui, twende tukaangalie." Maneno hayo yanamfundisha mtoto unyenyekevu na bidii kwa pamoja, na hayahitaji kidato cha nne.

Tulivyomjibu mama

Wiki ilipokwisha tulirudi. Tulimshauri asinunue vile vitabu kwa sasa. Aanze na mpango wa mwezi mmoja na mtaala wa TET, na Januari amwandikishe mtoto darasa la awali. Fedha ikipatikana anunue daftari kubwa la kuchorea, penseli za rangi na kioo cha kukuzia vitu. Baba alisikiliza, akacheka, akasema mbuzi wamepona.

Hatudai tumemaliza. Mama bado ana wasiwasi kwamba watoto wa mjini watamtangulia wa kwake, na hatuwezi kumhakikishia kwamba haitakuwa hivyo. Lakini tulipokuwa tunaaga, mtoto alikuja na kopo lake na kutuonyesha alizeti tatu zilizochipua kati ya tano. Mama akamuuliza, "Hizo mbili nyingine je?" Mtoto akasema hajui. Mama akainama, akaanza kufukua udongo pamoja naye.

*Maswali ya kujadili katika jumuiya:*

1. Ni swali gani la mtoto tulilizima wiki hii? Tunaweza kulirudia vipi?
2. Ni nani katika jumuiya yetu anayejua miti, ndege au udongo, na anaweza kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu?
3. Kuna mtoto jirani aliyefikia umri wa shule na hajaandikishwa? Tufanye nini kwa ajili yake?